Kadi nunua, kitabu acha

Mara ya kwanza niliiona seti hii ya kufundishia herufi kubwa za Kiingereza ikining'inia dirishani, kati ya mabegi ya shule na globu ya plastiki, bei imeandikwa kwa maka pen kwenye kipande cha boksi: 28,000. Nikapita zangu. Wiki ya pili nikapita tena, nikageuza shingo. Ya tatu nikaingia. Steshenari yenyewe iko huku kwetu Ngamiani, Tanga. Jina naliacha, kwa kuwa muuzaji ananijua na bado natoa kopi za majaribio pale. Tukavutana mpaka 24,000 na boksi moja la chaki juu yake. Nimekaa nayo muhula mzima sasa, na walimu watatu wa shule za jirani wameshaniuliza wanunue au wasinunue, basi bora niandike mara moja.

Nafundisha Kiingereza darasa la tatu, shule ya serikali. Watoto 84, madawati 27: watatu watatu, na madawati matatu ya nyuma yanabeba wanne. Kilichonifanya nitoe hela ya mfukoni mwangu ni madaftari ya mwezi wa pili. Nilikuwa nimeomba sentensi tatu za kujieleza, na nusu ya darasa ikaniletea kitu cha namna hii: "my name is juma i Live in tanga i like Ugali." Hebu itazameni. Herufi kubwa zipo, tena mbili. Mtoto anajua kwamba Kiingereza kinataka herufi kubwa mahali fulani, ila anazirusha kama chumvi: anapoona pamepooza, anatia moja. Ugali umepata heshima ambayo jina lake mwenyewe halikupata.

Na si kwamba hawazijui. Kubwa wanazijua kuliko ndogo, maana mji mzima umeandikwa kwa kubwa: PONGWE na AMBONI kwenye vioo vya daladala, DUKA LA DAWA, HAPA HATUKOPESHI, jina la shule ukutani. Wazazi nao hutuma ujumbe hivyohivyo, MWALIMU MTOTO ANAUMWA HATOKUJA LEO, nami nasoma nikidhani nagombezwa. Mtoto anaijua K kubwa tangu hajavaa sare. Asichojua ni kazi yake.

Ndani ya boksi kuna kadi 60 (hapo kwenye 60 nitarudi), chati moja ya ukutani, kitabu cha mazoezi cha kurasa 48, kalamu ya kufutika, na karatasi ya stika za nyota. Imetengenezwa nje, kwa ajili ya watoto wa Marekani; hilo utalijua bila kuambiwa ukifungua ukurasa wa tatu. Juu ya boksi wameandika miaka 6 hadi 8. Wangu wana minane hadi kumi, wapo na wa kumi na moja, na wameicheza bila kujiona wakubwa.

Nianze na kadi, kwa sababu ndizo zilizonirudishia hela yangu. Kila moja ni ya karatasi nene, ukubwa wa kiganja changu, imeandikwa neno moja au sentensi fupi. Herufi ya mwanzo imechapwa kwenye kikaratasi kinachofunguka kwa ubavu, kama mlango mdogo. Mlango ukifungwa unasoma "london" kwa l ndogo. Ukiufungua, chini yake ipo L kubwa. Mpaka hapo ni kitu cha kawaida, mtu yeyote angekibuni. Ujanja uko kwenye kadi kama kumi na tano ambazo zina mlango lakini chini yake hakijabadilika kitu: unafungua "table", unakuta t ileile ndogo. Mtoto hawezi kujua kwa kutazama mlango. Lazima aamue kabla hajafungua, kisha afungue mbele ya watu.

Siku ya kwanza niliishika kadi ya "river" juu, nikauliza: tufungue au tusifungue? Darasa likagawanyika papo hapo kama uwanja wa mpira. "Fungua, Madam!" "Usifungue!" Mwalimu wa darasa la nne akachungulia kutoka chumba cha pili akidhani nimepata mgeni. Nikafungua: r ndogo. Waliosema usifungue wakashangilia kana kwamba wamefunga goli. Ndipo nikatoa "river nile", nikasikia kimya ambacho mwalimu wa watoto 84 hakipati mara mbili kwa wiki. Walikuwa wanafikiri. Mto ni uleule mto. Sasa una jina lake. Je, r nayo inapanda? Inapanda, nikawaambia, kwa sababu hapo "River" imekuwa sehemu ya jina, kama vile sisi tunavyosema Mto Pangani. Zile kadi zilinifundishia somo ambalo ubaoni lingekula vipindi vitatu.

Sasa kasoro ya kadi, na hii nailaumu kweli, kwa kuwa aliyezitengeneza hakuwahi kukaa na mtoto anayejifunza kusoma. Mwandiko walioutumia hauna vijiti vya juu na chini kwenye I kubwa. Ni mstari tu. Na l ndogo nayo ni mstari tu. Kuna kadi imeandikwa "I like milk". Mtoto mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Madam, mbona na 'like' imeanza na I?" Nikataka kumsahihisha, mdomo ukawa umeshafunguka, nikaitazama kadi. Nikaisogeza dirishani. Kweli. Mistari miwili, imesimama sawa, hata unywele haupishani. Mimi naona tofauti kwa sababu Kiingereza nimeshakijua. Yeye anasoma kilichochapwa. Jioni ile nikakaa na kalamu ya wino, nikatia vijiti kwenye kila I, kadi saba zote. Kama utainunua, fanya hivyo kabla hujaipeleka darasani.

Na hiyo I ndiyo penye kazi kubwa kuliko pote kwa watoto wetu. Siku na miezi hawana shida nazo, maana Kiswahili nacho huandika Jumatatu na Januari kwa herufi kubwa. Wakihamia "Monday" na "January" wanahama na mzigo wao. Majina ya watu vivyo hivyo, majina ya lugha vivyo hivyo, Kiswahili, Kiingereza. Lakini "mimi" huwa ndogo, na mara nyingi hata haionekani, imejificha ndani ya kitenzi: nimekula, nakwenda. Kisha wanakutana na lugha ambayo mtu akijitaja anasimama wima peke yake, herufi moja, kubwa, hata katikati ya sentensi. Mmoja aliniuliza: kwa nini "I" awe mkubwa na "you" awe mdogo, Wazungu wana majivuno? Darasa likacheka, ila swali ni zuri. Nilimjibu nilivyofundishwa chuo cha ualimu: zamani neno hilo lilikuwa refu kidogo, "ic", likakatika mwisho likabaki herufi moja, na kijiherufi kimoja kidogo, peke yake, kwenye maandishi ya mkono kilikuwa kinapotea, hivyo waandishi wakawa wanakirefusha kionekane. Si majivuno, ni kuogopa kupotea. Akaonekana kuridhika, ingawa kwenye daftari lake i ndogo ziliendelea wiki mbili zaidi.

Basi ungetegemea kitabu cha mazoezi kikae hapo kwenye I. Kina nusu ukurasa. Nusu! Kurasa kumi na moja ni siku na miezi. Sisemi ni kosa lao: mtoto anayetoka nyumba ya Kihispania, ambako Jumatatu ni "lunes" kwa herufi ndogo, anazihitaji kurasa hizo, na wenzetu wa Burundi na Kongo waliozoea "lundi" ya Kifaransa nao zingewafaa. Kwangu mimi ni kurasa kumi na moja za kulipia nisichokihitaji.

Kisha kuna sentensi zenyewe. Niliandika ubaoni moja ya kwao, inayofanana na hii: "aunt susan lives near lake michigan." Waisahihishe. Susan wote wakampa S, kwa kuwa akina Susan wanawafahamu. A ya mwanzo wengi waliipata. Michigan ikaachwa ndogo na karibu darasa zima, na wachache waliogusa "lake" waliigusa kwa kubahatisha. Nikawa nimeshaanza kukasirika, mpaka msichana mmoja akauliza, "Madam, michigan ni nini?" Hapo nikajiona mjinga. Kanuni inasema jina la mahali huanza na herufi kubwa. Lakini ili uitumie sharti kwanza ujue kwamba hilo ni jina la mahali. Kwa mtoto wa Tanga, "michigan" inaweza kuwa aina ya samaki. Nikafuta, nikaandika: "my uncle sells oranges in muheza." Hakuna aliyekosa Muheza. Nikaongeza: "we went to lushoto by bus." Hakuna aliyekosa. Kanuni walikuwa nayo siku zote, walichokosa ni ramani.

Kurasa sita za sikukuu ndizo kabisa. Thanksgiving, Halloween, siku ya kutumiana kadi za mapenzi. Nimetunga za kwangu kwa Eid, Christmas, Easter na Saba Saba, zikaenda vizuri, isipokuwa mabishano ya Saba Saba iandikweje kwa Kiingereza, ambayo tuliyamaliza kwa kengele ya mapumziko.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo hakuna kiwanda cha nje kingelifikiria. Ngamiani barabara zake zina namba: Barabara ya Nane, Barabara ya Kumi na Mbili. Watoto wakiandika wanapokaa kwa Kiingereza wanaleta "i live in street eight". Hapo namba ni jina au ni hesabu? Tulifungua na kufunga milango ya kufikirika kwa kipindi kizima. "We crossed eight streets" ni hesabu, mlango unafungwa. "I live on Street Eight" ni jina, milango yote miwili inafunguka. Zoezi hilo halimo kitabuni, na ni bora kuliko lolote lililomo.

Chati ya ukutani nimeitundika siku tisa nikaishusha. Ni nzuri kwa rangi, karatasi yake ina plastiki juu, chaki haiishiki. Lakini kwanza, kichwa chake chote ni herufi kubwa tupu, mstari mzima, huku chati yenyewe inamwambia mtoto asiandike hivyo. Pili, kwenye kisanduku cha nyakati wameorodhesha siku, miezi, halafu chini yake "Summer" na "Winter" kwa herufi kubwa, pamoja na siku na miezi, kana kwamba ni kanuni moja. Si moja. Majira ya mwaka kwa Kiingereza huandikwa kwa herufi ndogo yakiwa katikati ya sentensi: summer, winter, spring. Nikarudi dukani na chati imekunjwa kwapani. Muuzaji akaisikiliza hoja yangu yote, kwa adabu, mikono imeegemea kaunta, kisha akanijibu: "Madam, hiyo imetoka nje. Haiwezi kukosea." Nikamwambia waliotoka nje ndio hao hao wanaokosea. Akacheka, akanipa kalamu ya kufutika nyingine, kwa sababu ya kwanza ilikauka siku ya nne. Chati sasa ninayo nyumbani, nimeibandika upande wa nyuma wa mlango wa stoo. Stika za nyota sina neno nazo. Ziliisha kwa siku moja, kama unavyotegemea nyota kumi na nane kwa watoto 84.

Sasa niwaambie kuhusu kadi pacha, ambazo boksi halizitangazi kabisa. Ni kumi, ziko mwishoni mwa fungu. Kila moja ina neno ambalo mlango ukifunguka linageuka kitu kingine. "china" ndogo ni vyombo vya udongo mweupe, China kubwa ni nchi. "turkey" ni bata mzinga, Turkey ni Uturuki. "march" ni kwenda kwa hatua kama askari, March ni Machi. "may" na May, "polish" na Polish. Hapo herufi kubwa inaacha kuwa adabu tu ya kuandika, inakuwa maana. Nilipowaonyesha ya bata mzinga na Uturuki walikodoa macho kama wameona kiinimacho.

Nikawauliza kama Kiswahili nacho kina pacha. Nilitarajia kimya. Aliyejibu wa kwanza alisema: "Tanga!" Tanga mji, tanga la jahazi. Sijawahi kuwafundisha hilo, na wengi wao wanayaona matanga ya ngalawa kila Jumamosi. Kisha wakaja kwa wingi: simba na Simba ya mpira, tatu ya hesabu na Tatu wa dawati la tano, neema, rehema, baraka, shida. Nusu ya daftari langu la mahudhurio ni maneno ya kawaida yaliyovaa herufi kubwa. Nikaandika ubaoni subira yavuta heri, herufi ndogo zote. Wakasoma kwa sauti moja, methali wanaijua. Chini yake nikaandika: Subira anamvuta Heri. Ninao Subira na Heri darasani, wanakaa dawati moja, na kweli huwa wanavutana. Kipindi kiliishia pale, sikuwa na uwezo wa kuwatuliza.

Usiku nikizisahihisha kazi zao ndipo niliona kitu ambacho katika miaka yangu kumi na minne ya ualimu sikuwahi kukiona. Kwenye Kiswahili herufi kubwa haifanyi kazi peke yake. Subira ya methali yavuta. Subira mtu anamvuta. Simba amefungwa, mnyama yuko kwenye kamba; Simba imefungwa, watu wanarudi kutoka uwanjani wameinamisha vichwa. Hata ukisahau herufi kubwa, kiambishi kimeshakutajia nani ni nani. Kiingereza hakina msaidizi huyo. "I like Turkey" na "I like turkey" ni sentensi moja kwa masikio; herufi peke yake ndiyo inayobeba tofauti. Ndiyo maana mtoto wetu anaiona kama pambo: katika lugha yake, mara nyingi ni pambo kweli. Tangu siku ile simwambii tena "umesahau herufi kubwa". Namwuliza: "Huyu ni bata au ni nchi?" Anasahihisha mwenyewe.

Yupo mtoto mwingine nimtaje, bila jina. Huyu alinishinda kwa mwezi mzima. Kila neno alilianza na herufi kubwa: "My Mother Is Cooking Rice." Kila neno, kila siku, kwa mwandiko safi kuliko wote. Nikamwekea alama nyekundu, nikamwekea tena. Haikusaidia. Siku moja nikamwita mezani nikamwomba anione mimi kama bibi yake, anieleze tu kwa nini. Akasema: "Ikianza inabadilika." Nani kakwambia? "Chuoni."

Nikaelewa palepale, nami nimesoma chuoni, yaani madrasa. Alasiri wanasoma herufi za Kiarabu, na kule hakuna kubwa wala ndogo. Kuna ya mwanzo wa neno, ya katikati na ya mwisho. Ain ikianza ina umbo lake, ikibanwa katikati ina lingine, ikimaliza inaburuta mkia. Mtoto huyu alikuwa amechukua kanuni sahihi kabisa akaileta kwenye lugha isiyo yake. R kubwa kwake ilikuwa ni R ya mwanzo wa neno. Na mababu zetu wa pwani hii waliandika tenzi ndefu kwa hati hiyo hiyo, bila herufi kubwa hata moja, na hakuna jina la mtu lililopotea. Nilimwambia: kule tunaangalia herufi imekaa wapi kwenye neno, huku tunaangalia neno limekaa wapi kwenye sentensi, au kama ni jina la mtu na mahali. Akatikisa kichwa. Kesho yake akaleta "My mother is cooking rice." Nilimpa nyota ya kuchora kwa kalamu, za stika zilikuwa zimekwisha.

Kadi za kina mama sikuzipenda. Kuna moja "mother" ambayo mlango haufunguki kwenye "my mother" lakini unafunguka kwenye "I asked Mother". Kanuni ni ya kweli: ukimwita kama jina, inapanda; ukimtaja kama mama wa fulani, inabaki chini. Lakini kwa darasa la tatu ni kuwachosha. Hata ofisini kwetu, chai imepoa, walimu wanne tuligawanyika wawili kwa wawili mpaka mwalimu mkuu akasema tuendelee na kusahihisha. Kadi hizo tatu nimezitoa kwenye fungu mpaka wafike darasa la tano.

Kuhusu uimara: milango inachanika. Si kadi, kadi ni nzito na zitafika mwaka kesho. Ni ule mkunjo wa mlango. Wiki ya tatu kumi na mbili zilikuwa zinaning'inia. Nimezipiga selotepu upande wa ndani, zinafunguka kwa ukaidi kidogo lakini zinafunguka. Ukiwa na watoto ishirini wa shule ya kulipia labda zitakaa. Kwa 84, nunua na selotepu siku hiyohiyo.

Mtu ataniuliza kwa nini asijitengenezee. Nimejaribu. Manila mbili, mkasi, wembe wa kukatia mlango, jioni mbili za Jumamosi na Jumapili, nikapata kadi 24, zikiwemo Pangani, Amboni, Korogwe, mango, teacher, Teacher wa mtego kwa sababu ya majina ya heshima, na dazeni ya pacha za Kiswahili. Hazina rangi nzuri, herufi zangu zinaegemea kushoto, ila I yangu ina vijiti. Watoto wakiruhusiwa kuchagua, wanavuta za manila kwanza. Za dukani zina faida moja ambayo siipati kwa mkono: kila mlango umekatwa sawasawa, hivyo hawawezi kukariri ipi ya mtego kwa kuangalia kingo. Za kwangu wameshazikariri, "table" ina kona iliyopinda.

Jambo dogo la pembeni. Nyuma ya boksi wameeleza kwamba herufi kubwa kwa Kiingereza huitwa "upper case", yaani za kasha la juu, hawakusema kwa nini. Marehemu babu alifanya kazi kwenye matbaa enzi za herufi za risasi, na alituchorea mara nyingi: makasha mawili mbele ya mpangaji, kubwa zikikaa la juu, ndogo la chini, karibu na mkono, kwa sababu ndizo zinazoitwa mara kwa mara. Nimewasimulia watoto, na sasa mmoja akikosea wenzake humwambia, "Umechukua kasha la juu bila ruhusa."

Bei, basi. Kwa 24,000 nimepata kadi zinazofaa sana, chati ya kufunikia mlango wa stoo, na kitabu ambacho nimechana kurasa nne tu zenye faida. Muuzaji nimemwomba avunje boksi auze kadi peke yake kwa 12,000. Amesema atamwuliza anayemletea. Kama atakubali, nunueni bila kufikiri. Kama bado anauza boksi zima, changeni wawili au watatu wa shule moja, kadi mzungushe.

Na lile la 60. Kadi zina namba ndogo pembeni, chini kulia. Nilizihesabu nyumbani, nikazihesabu tena, mume wangu akazihesabu: 58. Zisizokuwepo ni namba 31 na 32, na ukifuata mpangilio wao, hizo zilitakiwa kuwa za I. Ukiingia dukani, fungua mfuko palepale kaunta, zihesabu, halafu ndiyo utoe hela.